Mkate na Usingizi Chini ya Mretemu (1 Wafalme 19:1-8)

Kabla ya kuingia jangwani, Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Wasomaji hupita hapo upesi, wakikimbilia mretemu na malaika. Lakini ni baada ya hapo nabii alipotembea peke yake siku nzima, akaketi, akaomba afe.

Wanaomtunza mzazi mwenye demensia wanaijua njia hiyo. Kimumu, kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten, mashamba yamekatwa ploti na nyumba zimesongamana. Mzee aliyefuga ng'ombe maisha yake yote sasa ana ua wa hatua chache tu. Jioni husimama mlangoni na ndoo mkononi, anataka kwenda kukamua. Ng'ombe waliuzwa zamani. Binti yake akimwambia hivyo, mzee hulia kana kwamba wameuzwa leo, na kesho yake msiba huanza upya. Majirani husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona habari za laana. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na wengi wao hutunzwa nyumbani na jamaa wasiolipwa, hasa wanawake.

Malaika hakumkemea Eliya, wala hakumkumbusha moto ulioshuka alipoomba kwenye Mlima Karmeli. Alimgusa. Palikuwa na mkate wa makaani na maji. Nabii akala, akalala tena, naye malaika akarudi mara ya pili. Utaratibu huo ni fundisho lenyewe. Kumwambia binti yule kwamba kumheshimu baba kuna ahadi (Kutoka 20:12) ni kweli kabisa, lakini kwa mtu ambaye hajalala usiku tatu mfululizo, neno hilo huwa mzigo juu ya mzigo. Mungu mwenyewe alitanguliza chakula na usingizi.

Mara ya pili ndipo malaika alipotaja safari, kwamba inazidi nguvu za Eliya. Safari ya demensia huchukua miaka, na upendo peke yake hautoshi. Kuna mambo ya kujifunza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa iSupport, mafunzo kwa watunzaji, na sehemu nzima ya mafunzo hayo inahusu mtunzaji kujitunza mwenyewe. Mengine ni ya kila siku: kusema jambo moja kwa wakati, kuwasha taa kabla giza halijaingia, kubandika picha kwenye mlango wa choo, kumpeleka mzee hospitali anapovurugika ghafla, kwa maana huenda ni maambukizi yanayotibika.

Gumu zaidi ni kuacha kubishana. Mkristo huogopa kwamba kutomsahihisha mzee ni kusema uongo, na hofu hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini binti halazimiki kudanganya. Anaweza kumwuliza, "Baba, ni ng'ombe gani aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote?" Mzee hufikiri, humtaja kwa jina, hueleza alivyopiga teke. Ndoo inashuka chini yenyewe. Chai inaletwa. Kila neno lililosemwa hapo ni kweli, na mzee ameheshimiwa kama mtu mwenye historia.

Kwa nguvu za chakula kile Eliya alitembea siku 40 hadi Horebu. Huko alilalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake, na mojawapo ya majibu aliyopewa lilikuwa jina la mtu: Elisha, ambaye sura inamalizika akimfuata na kumtumikia (19:21). Katika jumuiya ya Kimumu Elisha anaweza kuwa jirani anayefika kila Alhamisi alasiri, akaketi na mzee na kumwuliza habari za ng'ombe, huku binti yuko chumba cha pili, pazia limeshushwa, amelala.