Mwili Ukijipiga Wenyewe, Tumshitaki Nani?

Kuna swali moja ambalo huingia nyumbani pamoja na ugonjwa, nalo hutangulia hata kabla ya mganga. Swali lenyewe si "Ni ugonjwa gani?" bali ni "Ni nani?" Nani amefanya hivi? Nani ametuonea wivu? Leo twataka kulichungua swali hilo, kwani tumeona kwa macho yetu madhara yake, na tena sisi wenyewe hatukuwa bila kosa.

Katika shirika letu yuko mama mmoja kijana, mwenye watoto wawili. Alianza kuumwa na viungo. Kisha ikawa asubuhi anaamka uso umevimba, jioni miguu imevimba, na mkojo wake una povu. Ndugu wakakutana. Mzee mmoja akasema ile methali tuijuayo sote: kikulacho ki nguoni mwako. Wote wakageuza macho, wakamtazama shangazi mjane aliyekaa karibu na mlango. Hakuna aliyetaja jina, wala haikuhitajika. Siku ya tatu mjane yule alifunga mzigo wake, akaondoka. Sisi tulikuwamo katika mkutano ule. Tuliombwa kufunga kwa sala, nasi tukafunga kwa sala, pasipo kusema neno lingine.

Baadaye mama yule alipelekwa katika hospitali ya mji. Waganga wakapima damu na mkojo, wakasema: ni lupusi, nayo imekwisha kuingia katika mafigo.

Yafaa tueleze kidogo. Mtu ana mafigo mawili, na katika kila figo mna vichujio vidogo sana, yapata milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha maji ya damu yapata lita 180. Karibu yote hurudi mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo. Tena mwili una askari wake, ambao wajuzi huwaita kingamwili. Kazi yao ni kukamata mikrobi zinazoingia toka nje. Lakini katika lupusi askari hao hupotewa. Hukamata vitu vya mwili wenyewe, hata vile vilivyo ndani kabisa ya seli. Wakiisha kushikamana navyo, huchukuliwa na damu, hunasa katika vichujio vya mafigo, na kuviwasha kama kidonda. Ndipo protini, ambayo yapasa kubaki katika damu, huvuja katika mkojo, na maji husimama usoni na miguuni. Ugonjwa huu huwashika hasa wanawake wa umri wa kuzaa. Katika wagonjwa 10, yapata 9 ni wanawake.

Kumbe methali ilisema kweli, bali wazee waliisoma vibaya! Kikulacho kilikuwa karibu kuliko shangazi, karibu kuliko hata nguo.

Wala tusidhani kwamba wajuzi wa Ulaya waliliona jambo hili upesi. Paul Ehrlich, mganga mkubwa wa Ujerumani aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, alifundisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mwili una njia ya kujizuia usijidhuru wenyewe. Wengi waliomfuata waliona vigumu kusadiki kwamba mlinzi aweza kumpiga bwana wake. Mwaka 1948, Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, huko Marekani, waliona kwa darubini jambo la ajabu kwa wagonjwa wa lupusi: seli moja imemeza kiini cha seli nyingine. Tena mwaka 2009 wajuzi wa Boston walichungua ugonjwa mwingine wa mafigo, ambamo vichujio huwa vinene na kuvuja. Wakakuta kingamwili inayokamata kitu kimoja cha kichujio chenyewe. Yapata miaka 50 watu walikuwa wakikitafuta kitu hicho. Wakakuta kingamwili hiyo kwa wagonjwa 26 katika 37.

Tazameni vizuri hesabu hiyo. Wagonjwa 11 walibaki pasipo jibu, nao wajuzi waliandika hivyo wazi. Hawakuwalazimisha wale 11 waingie katika hesabu ili kazi yao ionekane imetimia. Lakini je, kwa mfumu kuna wagonjwa wanaobaki? Hapana. Yeye hupata mkosaji siku zote, na mara nyingi mkosaji huyo ni mjane, au mzee, au yatima asiye na mtu wa kumtetea. Jibu lisilokosa kamwe yatupasa kuliogopa. Mtafuta kweli huvumilia kusema "bado". Mtafuta mkosaji hawezi.

Baba mmoja wa shirika aliposikia hayo alituuliza: "Mwalimu, kama hakuna mkosaji, basi mateso haya ni ya bure?" Ni swali zito, wala hatukulicheka. Mtu mwenye uchungu hutaka uchungu wake uwe na jina. Hata wanafunzi wa Bwana, walipomwona yule aliyezaliwa kipofu, waliuliza kama mkosaji ni yeye ama wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akamponya.

Basi tuseme hivi: chanzo ni kitu kimoja, na kosa ni kitu kingine. Mvua ikibomoa nyumba, chanzo kipo, lakini hakuna wa kushitakiwa. Mwenye kuchanganya mambo hayo mawili humshuhudia uongo jirani yake, hata kama amenyamaza na kutazama tu. Na mgonjwa akiyachanganya, hujishitaki mwenyewe usiku kucha: "Nimefanya nini mimi?" Hujafanya kitu, mama. Pumzika.

Tena wajibu hauhitaji mkosaji. Mwaka 2020 yalitangazwa majaribio ya dawa iitwayo belimumab kwa wagonjwa 448 ambao lupusi imewashika mafigo. Wote walipewa dawa za kawaida. Juu ya hizo, nusu walipewa dawa mpya, na nusu walipewa kitu kisicho na nguvu, wala mgonjwa hakujua amepewa kipi. Baada ya wiki 104, hali njema iliyotazamiwa ilionekana kwa wagonjwa 43 katika kila 100 wa dawa mpya, na kwa 32 katika kila 100 wa wale wengine. Faida ipo, bali ni ya kiasi. Lakini watu wale 448 hawakumdhuru mama yetu, hawamjui hata jina, na hata hivi wamebeba sehemu ya mzigo wake. Shangazi naye hakumdhuru, nasi tukambebesha mzigo wote.

Kweli, dawa mpya ni ghali, nazo ziko mbali na wengi wetu. Hata hivi shirika halikosi la kufanya. Laweza kuchanga franga za kupima mkojo mapema, mara uvimbe unapoonekana. Laweza kumsindikiza mgonjwa siku ya hospitali. Laweza kumkumbusha asiache ghafla vidonge alivyopewa pasipo neno la mganga, hata kama uvimbe umepungua, kwani ni hatari. Na katika mkutano wa ndugu, mmoja wetu aweza kusimama na kusema: "Huyu tunayemtazama hatuna neno juu yake."

Sisi hatukusimama. Mwezi uliopita tulikwenda kumwona shangazi huko alikohamia. Alitupa kiti, akatupa maji ya kunywa, akauliza habari za mgonjwa, akafurahi kusikia kwamba uso umerudi kama zamani. Kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, siku ile ulikaa karibu nami. Mbona ulinyamaza?"

Tulimwomba radhi. Jibu la swali lake hatukuwa nalo, wala hatulioni hata leo. Ninyi msomao, msingoje kuulizwa.