Mfalme wa Mbali na Chama Kinachokua

Kugawanya chama cha hiari ni jambo linaloogopwa na wengi, kwa kuwa wasia wa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu umezoeleka kiasi cha kutohojiwa, na anayependekeza mgawanyo hushukiwa haraka kuwa ana uchu wa cheo au kinyongo na wakubwa wake. Hata hivyo, wasia huo hauelezi umoja unaosifiwa ni wa kitu gani: wa uongozi, wa sheria, wa hazina, au wa watu wenyewe kukutana na kutambuana. Tofauti hiyo huonekana vyema katika vyama vya uigizaji wa historia, yaani vikundi vya watu wa leo wanaojifunza maisha ya kale kwa kuyatenda, wakishona mavazi ya enzi husika, wakipika vyakula vyake na kupigana kwa silaha zilizoundwa zisijeruhi.

Kinachojulikana zaidi kati ya vyama vinavyoigiza Zama za Kati za Ulaya ni Society for Creative Anachronism, kilichoanza tarehe 1 Mei 1966 kwa sherehe ya marafiki katika ua wa nyumba moja mjini Berkeley, California, kikasajiliwa mwaka 1968 kuwa shirika lisilotafuta faida. Chama hiki hujishughulisha na maisha ya kabla ya karne ya 17, na kila eneo lake kubwa huitwa ufalme. Mfalme wake hapatikani kwa kura wala kwa urithi, bali kwa shindano la kugombea taji, ambamo wapiganaji waliovaa deraya hupambana kwa panga za henzirani, mti ambao ukipigwa sana huchanika nyuzinyuzi badala ya kuvunjika na kuacha ncha kali. Mshindi hutawala na mwenzi wake kwa miezi michache tu, ambayo katika falme nyingi ni sita, kisha humpisha mwingine. Chini ya ufalme yapo matawi ya miji na wilaya, na kazi zote, kuanzia utunzaji wa fedha hadi usimamizi wa usalama uwanjani, hufanywa na watu wanaojitolea.

Swali la kugawanyika limekiandama chama hiki tangu utoto wake, nacho kimelijibu kwa vitendo mara nyingi, hata leo kina falme 20. Ufalme wa kwanza, uitwao West, uliachia eneo la kusini mwa California lililokuwa ufalme wa Caid mwaka 1978, kisha kaskazini-magharibi mwa Marekani pakawa An Tir mwaka 1982, na Australia pamoja na New Zealand zikawa Lochac mwaka 2002. An Tir nayo, baada ya miongo mitatu, iliona sehemu ya magharibi mwa Kanada ikijitegemea kwa jina la Avacal mwaka 2015. Upande wa pili wa Marekani, ufalme wa East ulitoa Atlantia mwaka 1981 na Drachenwald mwaka 1993, na huu wa pili umekabidhiwa Ulaya yote, Mashariki ya Kati na Afrika, ambako tawi lake lipo Cape Town.

Sababu ya kwanza ya migawanyo hiyo ni umbali, na fimbo ya mbali, kama wasemavyo Waswahili, haiui nyoka. Katika chama hiki heshima za juu kabisa, kwa mfano cheo cha naiti, yaani mpiganaji anayetunukiwa kwa ustadi na adabu yake kwa pamoja, hutolewa na mfalme peke yake. Kabla ya mwaka 2002, mwanachama wa Australia alikuwa chini ya mfalme ambaye kwa kawaida aliishi ng'ambo ya bahari ya Pasifiki, hivyo fundi hodari wa ushonaji au mpishi aliyelisha mamia kwa miaka mingi aliweza kubaki bila kutambuliwa, si kwa sababu alidharauliwa, bali kwa sababu aliyekuwa na mamlaka ya kumtambua hakuwahi kuiona kazi yake. Watu wasiolipwa mshahara hulipwa kwa kuonekana na kushukuriwa, na chama kisichoweza kuwaona watu wake kimekuwa kikubwa kupita uwezo wake, hata kama daftari la wanachama linazidi kunenepa.

Hoja za wanaopinga, hata hivyo, hazistahili kupuuzwa. Ufalme mdogo unahitaji viongozi wa idara zilezile zinazohitajika katika ufalme mkubwa, na pale watu wenye ujuzi wanapokuwa wachache, mtu mmoja hulazimika kubeba kazi za watatu mpaka achoke na kuondoka. Shindano la taji lenye wapiganaji wachache huelekea kuzungusha kiti cha enzi miongoni mwa marafiki walewale. Mpaka mpya unaweza kupita katikati ya watu waliozoea kufanya mazoezi pamoja kila juma, na ufalme mzazi unaweza kupoteza kwa mkupuo walimu, vifaa na viwanja vya kambi. Zaidi ya hayo, upo udhaifu wa kibinadamu wa kutamani mataji mengi ili vyeo viwe vingi, na vyeo vinapozidi watu wa kuvitumikia, heshima yake hupungua.

Dawa ambayo chama hiki kimeizoea ni hatua ya katikati: eneo linaloomba kujitegemea huwa kwanza himaya ya mwanamfalme, yenye kiongozi wake na maofisa wake, lakini ikiendelea kuwa chini ya mfalme. Thamani ya hatua hii ni kwamba inawalazimisha waombaji kuonyesha kwa miaka kadhaa kuwa hesabu zao zinafungwa kwa wakati, mikutano yao inafanyika na nafasi zikiachwa wazi hupata watu wa kuzijaza. Si kila himaya ya namna hiyo huwa ufalme, na kubaki katika hatua hiyo si aibu, maana wapo wanaotambua kuwa uhuru wa kiasi unawatosha. Hapa ndipo kipimo cha haki kinapopatikana: tawi linastahili kujitenga pale linapokuwa tayari linafanya kazi zake lenyewe, wala si pale hasira dhidi ya makao makuu zinapofikia kilele.

Ushahidi kwamba mgawanyo wa madaraka hauvunji undugu uko Pennsylvania, karibu na mji wa Slippery Rock, ambako kusanyiko liitwalo Pennsic War, lililoanza mwaka 1972, huwakutanisha kila mwaka maelfu ya watu, mara nyingi zaidi ya 10,000. Hiyo ni vita ya kuigiza kati ya falme za East na Middle, na kwa mzaha wa jadi anayeshindwa ndiye anayebebeshwa mji wa Pittsburgh. Mwaka 1997 eneo hilo, pamoja na Pittsburgh yenyewe, lilijitenga na East na kuwa ufalme wa Æthelmearc, lakini vita haikufa: East na Middle huendelea kupambana katika ardhi ya ufalme wa tatu, na naiti aliyetunukiwa Lochac hutambuliwa kuwa naiti akifika huko. Sheria za msingi, vyeo na makutano vilibaki vya wote, na kilichogawanywa ni mamlaka ya kila siku peke yake.

Kwa hiyo wanachama wanaojadili mgawanyo wangefanya vyema kuanza na yale yatakayobaki ya pamoja, wayaandike na kuyalinda, ndipo wachore mipaka. Viongozi wa ufalme mzazi nao wana somo lililo ndani ya desturi yao wenyewe, kwa kuwa chama kinachomtaka mfalme avue taji kila baada ya miezi michache kimekwisha kukiri kuwa cheo ni amana, na asiyeona uchungu kumkabidhi mrithi kiti hana sababu ya kuona uchungu kuwakabidhi watu wa mbali eneo wanalolihudumia wenyewe.