Mama Aliyempakata Shetani

Ninachonga misalaba na sanamu za watakatifu hapa Liuli, nyingi kwa mti wa mninga. Wateja wangu wengi ni Wakatoliki wa milimani, Wamatengo wa Mbinga, wanaonunulia vigango vyao. Hiyo ni kazi ya kuagizwa: mtu anataja urefu na jina la mtakatifu, nami nashika tezo. Ndiyo maana sanamu moja ambayo sijaiona kwa macho inaninyima usingizi.

Ameieleza Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, katika kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji kilichotoka 1969, mwaka uleule alipouawa kwa bomu Dar es Salaam. Anasema wachongaji wa Kimakonde chini ya Mreno walichonga sanamu za Kikristo, ila wengine walizigeuza. Bikira Maria kampakata shetani badala ya Mtoto. Padre ana miguu ya mnyama wa porini. Mama anayepaswa kumlilia mwanawe aliyekufa kainua mkuki juu ya maiti yake.

Nilimsimulia mama mmoja aliyekuja kuagiza sanamu ya Maria. Hakusita: "Hiyo ni kufuru, mzee. Shetani hawezi kukaa mikononi mwa Mama wa Mungu."

Namwelewa. Lakini nauliza ni nani aliyemweka pale kwanza. Serikali ya Ureno chini ya Salazar iliwalimisha watu pamba kwa amri na kuwapeleka shokoa, chibalo kwa jina la kwao. Kwa mkataba wa mwaka 1940 na Vatikani, misheni za Kikatoliki zilipewa kazi ya kuwaelimisha Waafrika, nazo zikilipwa na serikali hiyohiyo. Naamini wamisionari wengine waliwapenda watu wao kwa dhati. Hata hivyo Mwokozi na mnyapara walifika mlangoni kwa Mmakonde wakiwa wameongozana, na tarehe 16 Juni 1960 pale Mueda askari waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuzungumza na gavana. Mchongaji alichonga kile alichokuwa akiletewa.

Haruni alipobanwa na Musa kuhusu ndama, alijitetea kwamba aliitupa dhahabu motoni tu, ndama akajitokea. Kwangu hilo ndilo jibu baya kuliko yote ambayo fundi anaweza kuyatoa, na ndilo lilelile la anayesema, "Niliagizwa tu." Yule aliyemtoa Mtoto akamtia shetani hakuweza kusema hivyo. Alijitia mwenyewe ndani ya mti, katika nchi ambamo kufanya hivyo kungeweza kumletea viboko.

Lipo linalonisumbua bado. Huenda bibi fulani alipiga magoti mbele ya sanamu ile bila kuyaona makucha ya shetani. Sala yake ilikwenda wapi? Naamini ilifika, kwa sababu mti hausikii, awe kapakatwa nani. Ila bibi yule alidanganywa, naye hakumwonea mtu. Deni hilo siwezi kumfutia mchongaji kwa sababu tu mtawala wake alikuwa katili.

Basi wachongaji wengine walivuka mto Ruvuma wakaingia Tanganyika. Husimuliwa kwamba Samaki Likankoa, Mmakonde kutoka Msumbiji, ndiye aliyechonga sanamu ya kwanza ya shetani Dar es Salaam mwaka 1959, na kwamba Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago, alimpatia soko. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na wanunuzi walikuwa wageni wenye tamaa zao. Sisemi ulikuwa uhuru kamili. Lakini shetani yule alisimama peke yake, na jicho lake, na mdomo wake, bila kujificha mapajani mwa Maria. Hapo ndipo ninapopata hoja yangu: ugomvi wa wachongaji wale haukuwa na Mama wa Mungu. Walipopata pa kusemea, walimwacha Mama na mwanawe.

Yule mama wa Mbinga nilimchongea Maria na Mtoto kama alivyotaka, kwa sababu alimtaka kwa moyo wake, na hapakuwa na aliyetushikia fimbo, yeye wala mimi.