Usihukumu kwa Shahidi Mmoja

Maandiko: Luka 1:1–4, Kumbukumbu la Torati 19:15, Mithali 18:17

Jumapili iliyopita nilisema nitalijibu swali ambalo vijana wetu wa Rabai wananiuliza sana, na wazazi wao wanalia nalo. Kijana anaona video kwenye simu, anakuja nyumbani na kusema: "Mama, ati Biblia ilitungwa na Kaisari Constantine kule Nicaea mwaka 325. Na hii dini ni ya mzungu, ililetwa na Krapf." Mama anashtuka, anamwambia, "Shindwa!" Kijana ananyamaza. Mwezi unaofuata haji ibada, na wa pili pia haji.

Mzazi, sikiza. Swali si pepo, halikemewi. Swali linajibiwa. Na Mungu wetu ametuonyesha namna ya kulijibu.

Tazama Luka anavyoanza kitabu chake. Anamwambia Theofilo kwamba wengi wameandika habari hizi, na yeye amezifuatilia tangu mwanzo kutoka kwa waliozishuhudia, ndipo akaandika kwa utaratibu. Roho Mtakatifu alimwongoza Luka, na bado Luka akauliza mashahidi! Torati nayo inakataa neno kuthibitishwa na shahidi mmoja. Inataka wawili au watatu. Na Mithali inatuonya kwamba anayetangulia kusema barazani huonekana yuko sawa, hadi mwenzake afike amhoji.

Sasa tuiite hiyo video barazani.

Mambo ya Nicaea yameandikwa. Maaskofu walijadili mafundisho ya Arius, wakajadili tarehe ya Pasaka, wakatoa kanuni 20. Hakuna hata moja katika hizo inayochagua vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tunavyovijua leo, tunaiona katika barua ya Athanasius ya mwaka 367. Huyo alikuwa askofu wa Alexandria, Misri, hapa hapa Afrika. Na hata yeye hakuvitunga. Aliandika vile ambavyo makanisa yalikuwa yamevipokea na kuvisoma kwa muda mrefu.

Je, ni Constantine aliyemfanya Yesu kuwa Mungu? Mwite shahidi wa pili, naye si rafiki yetu. Ni Pliny, gavana wa Kirumi, ambaye karibu mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajan. Aliwatesa wanawake wawili watumishi wa kanisa ili apate habari, na wasiomkana Kristo aliwaua. Mtu huyo anaripoti kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nicaea! Adui hana sababu ya kukupamba. Anapokiri jambo linalokufaa, ushahidi wake una uzito.

Lakini tuwe wa haki, tuwapime na rafiki zetu pia. Eusebius aliandika historia ya kanisa la kwanza, na ametuhifadhia barua nyingi za kale. Basi msome, ila ujue ameketi wapi: alimpenda sana Constantine, na sifa alizompa ni nyingi mno. Hakuna mwandishi asiye na upande. Ndiyo maana tunawaweka wawili watatu pamoja. Hata nazi sokoni huchukui kwa kuitazama tu; unaitikisa sikioni kwanza.

Haya, turudi nyumbani. Je, dini hii ni ya mzungu? Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakaanza kazi hapa Rabai. Lakini kabla ya kuja pwani, Krapf alikuwa Ethiopia miaka kadhaa, na huko alikuta kanisa lililokuwapo tangu karne ya nne. Sarafu za mfalme Ezana wa Aksum zinashuhudia: za kwanza zina alama ya mwezi, za baadaye zina msalaba. Mwafrika alikuwa na msalaba kwenye fedha yake kabla Injili haijaenea Ujerumani alikozaliwa Krapf.

Na Krapf mwenyewe tumsome vipi? Aliandikia watu wa Ulaya waliochangia misheni. Angeweza kuwaambia kwamba Rabai yote imeokoka. Hakusema hivyo. Anasimulia juu ya Mringe, mlemavu maskini, aliyebatizwa kabla ya kufa. Baadaye akaja Abe Gunja. Ukiona mtu anaandika habari isiyompa sifa, mwamini zaidi.

Lakini Mringe hakutuachia barua. Wazee waliowapa wageni mahali pa kukaa hawakuandika kitabu. Tukisoma wamisheni peke yao, tunasikia upande mmoja wa baraza. Mfano ni Januari 1, 1889. Watumwa zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni, wengi wao hapa Rabai, walipata uhuru. Ukisoma habari za kampuni ya Waingereza, utamsifu Mackenzie aliyelipa. Ni kweli alilipa. Fedha zilienda kwa mabwana wa watumwa, na kampuni ilitaka amani nao kwa ajili ya biashara. Lakini nani aliwapokea wale watoro kabla ya hapo? Ni kanisa la Rabai chini ya William Jones, mtu aliyekombolewa utumwani yeye mwenyewe, akalelewa India, akaletwa hapa 1864. Jina lake mtoto wako analijua?

Wapendwa, kanisa la kweli haliogopi habari kamili. Luka hakuficha manung'uniko ya wajane, wala uongo wa Anania na Safira, wala ugomvi wa Paulo na Barnaba. Mungu wa kweli hahitaji tumsaidie kwa uongo. Ukimdanganya mtoto ili abaki kanisani, siku akigundua ataondoka na uongo wako na Injili pamoja.

Basi wiki hii tufanye haya. Habari ikija kwenye simu, uliza: nani amesema? Alikuwa karibu na jambo kiasi gani? Anapata faida gani? Kisha tafuta shahidi wa pili. Wapeleke vijana makumbusho ya Rabai, wakaone. Mketishe mzee aliye karibu nawe, umrekodi kwa simu hiyo hiyo. Na makatibu wetu, andikeni habari za kanisa hili kwa haki, waliookoka na waliotuacha pia, ili wajukuu wetu wasihukumu kwa shahidi mmoja.

Baba, utupe moyo wa Luka: imani isiyoogopa kuuliza, na ulimi usiopotosha. Katika jina la Yesu. Amina.