Somo Linaloanzia Duksi
Habaswein, kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir, msichana husikia habari za hedhi na twahara kwanza duksi, yaani shule ya Kurani. Msingi wa elimu ya uzazi upo tayari.

Kinachobaki ni kumweleza mimba hutungwaje na huzuiwaje. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta kwamba kote Kenya wasichana 15 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 19, wamewahi kushika mimba. Wajir, mimba za umri huo mara nyingi huja ndani ya ndoa, ingawa Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18. Basi wavulana na akina baba nao wafundishwe, maalimu wa duksi akikaa pamoja na muuguzi.

Na msichana aliyekwisha kujifungua, sera ya serikali inamruhusu kurudi shuleni.