Muhula Si Ridhaa

Katika duka la spea za pikipiki mjini Tanga, nilikokwenda asubuhi moja kununua oili na filta, muuzaji aliniwekea mezani makopo mawili ya filta yaliyolingana kwa umbo, kwa rangi na kwa uzi wa kufungia, ila moja bei yake haikufika thuluthi ya bei ya mwenziwe; na nilipomwuliza tofauti yao ni nini, alinijibu kwa adabu, "Mzee wangu, zote zinaingia, na injini itawaka kwa hii kama itakavyowaka kwa ile." Jawabu lile lilikuwa kweli, wala kijana yule hakunighilibu, lakini nilitoka nalo dukani kama mtu aliyetoka na deni, kwa kuwa lilinikumbusha swali ambalo wanazuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, jambo likiendelea vema machoni petu, kuendelea kwake ni dalili kwamba limekubaliwa?

Yafaa kwanza kueleza kazi ya chombo chenyewe. Katika pikipiki nyingi oili moja hutumikia injini, giaboksi na klachi kwa pamoja, tofauti na motokaa ambayo aghalabu giaboksi yake ina oili ya peke yake. Basi oili hiyo, katika mzunguko wake usiokoma, huchukua masizi ya moto, unga wa chuma utokao katika meno ya gia, na nyuzinyuzi za sahani za klachi. Chembe hizi hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu 1 katika 1,000 ya milimita. Unywele wa mwanadamu una unene wa maikroni 70 hivi, na chembe ya maikroni 20, ambayo jicho haliioni, yatosha kuchora ukuta wa silinda na kuila beringi polepole. Filta ni karatasi iliyokunjwa mithili ya marinda, ili eneo kubwa lienee ndani ya kopo dogo, oili ipite na chembe zibaki. Kabla Ernest Sweetland wa Marekani hajatengeneza filta yake mwaka 1923, wenye motokaa walitegemea zaidi kumwaga oili mara kwa mara.

Fundi wangu, mtu mzima mwenye gereji ya makuti karibu na kwangu, nilipomsimulia habari ya makopo mawili hakunijibu kwa maneno. Alichukua filta kuukuu, akaikata kwa msumeno, akanionyesha kitu nilichokuwa sikijui: valvu ndogo iliyoshikwa na springi. "Sheikh," akaniambia, "hiki ndicho kinachookoa injini, na hiki hiki ndicho kinachowadanganya watu." Karatasi ikijaa uchafu hata oili ikashindwa kupita, msukumo wa oili huishinda nguvu ile springi, valvu ikafunguka, na oili ikapita kando bila kuchujwa, kwa maana injini ikikosa oili hufa kwa dakika chache, ilhali ikipata oili chafu huishi, ijapokuwa hulika. Aliyeisanifu aliona kwamba uchafu ni madhara madogo kuliko ukavu, akaihurumia injini. Na mwenye pikipiki, akiwa juu ya kiti chake, hana habari: mlio ni ule ule, mwendo ni ule ule.

Hapo ndipo nilipopata jawabu la swali langu. Miongoni mwa majina mema ya Mwenyezi Mungu ni Al-Halimu, Mpole asiyeharakisha adhabu. Na dini inatufunza kwamba lau Angewachukulia waja kwa kila walichokichuma, hapangesalia kiumbe juu ya uso wa ardhi. Basi hutupa muhula. Anayepunja mizani hulala akaamka na siha yake, anayekula mali ya yatima huzaa na kulea, na anayesema uongo husikilizwa kwa taadhima barazani. Na kila mmoja wao, akiona injini ya maisha yake inanguruma kama jana, hudhani njia yake imeridhiwa. Wanazuoni wameliita jambo hili istidraji: neema inayomfuata mtu katika maasi yake, hatua baada ya hatua, naye akiihesabu kuwa ni tunzo. Rehema iliyofunguliwa ili asiangamie, yeye huisoma kama cheti cha usafi.

Tena nilimwuliza fundi ubaya wa filta rahisi ni upi, akanieleza kwamba aliyoikata siku ile karatasi yake ilikuwa chache, gundi yake imeachia, na springi yake dhaifu mno, hata valvu hufunguka kwa msukumo mdogo; hivyo oili, ambayo kama maji hupenda njia nyepesi, hupita kando tangu siku ya kwanza. Hiyo ni ghishi ya batini iliyofunikwa kwa dhahiri nzuri, nayo si ngeni duniani: imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini ni mbichi kwa maji na juu ni kavu, akamkemea mwenye mali. Lakini iko dhamiri ya namna hiyo pia, yenye sura ya dhamiri na jina la dhamiri, ambayo udhuru wake u tayari kabla ya jaribu. Mwenyewe husema "Mungu ni mwingi wa rehema" kabla hajatenda kosa, na kweli hiyo tukufu akaifanya springi yake legevu.

Asidhani msomaji, hata hivyo, kwamba dawa ni kukaza kupita kiasi. Karatasi yenye matundu finyu mno huizuia oili na kuziba upesi, na ikiisha kuziba, valvu hufunguka ikapitisha kila kitu. Kadhalika nimewaona wacha Mungu waliojitwika zaidi ya uwezo wao, wakaingiwa na wasiwasi katika udhu na nia, hata wakachoka, wakaacha vyote kwa siku moja. Kwa hiyo filta bora ni ile iliyokadiriwa kwa injini yake, karatasi yake na springi yake. Na zile pikipiki ndogo za vijana wa bodaboda ambazo hazina filta ya karatasi, bali chekecho la waya na pengine kisahani kinachozunguka na kuutupa uchafu pembeni, usalama wake uko katika kumwaga oili mapema. Vivyo hivyo, asiyejaliwa dhamiri kali asikate tamaa. Na azidishe toba.

Nilirudi dukani nikanunua filta ambayo namba yake imetajwa katika kitabu cha pikipiki yangu. Bei haikuniongoza, kwa kuwa ghali nayo yaweza kuwa ghishi. Na tangu siku ile, kila nimwagapo oili, situpi kopo la zamani kabla ya kulipasua: huikunjua karatasi, nikaielekeza juani, nikatafuta kimeta cha chuma katika weusi wake. Mwanazuoni Harith mwana wa Asad, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliitwa Al-Muhasibi kwa ajili ya kuihesabu nafsi yake. Nami nimefahamu kwa mikono yangu, yenye oili hadi viwikoni, kwamba hesabu hiyo haingojei kishindo. Injini ikisha kugonga, hata mpita njia hujua kuna maradhi. Mimi huipasua filta wakati pikipiki inakwenda vizuri, maana mwendo mzuri hauniambii kama oili imepita ndani ya karatasi au imepita kando.