Ulimi wa Kaimu

Mtu aliyekabidhiwa kiti kwa muda, je, ukweli anaodaiwa ni wa muda vile vile? Wako wasemao kwamba kaimu ni mlinzi wa mlango tu, na yampasa kunyamaza mpaka mwenye cheo afike. Rai hii ina sura ya unyenyekevu, lakini na tuipime mahali penye watu wengi.

Katika mji wa New York, Marekani, treni za chini ya ardhi zina stesheni 472, na tangu 1904 desturi yake ilikuwa kuchukua abiria usiku na mchana. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, zilianza kufungwa kwa abiria tangu saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ili zisafishwe. Mkuu wake, Sarah Feinberg, alikuwa kaimu. Muuguzi atokaye kazini usiku wa manane hana haja ya kujua kama asemaye ni wa muda au wa kudumu; ataka kujua atafikaje nyumbani. Kumnyima habari hiyo kwa udhuru wa ukaimu ni kumdhulumu.

Ahadi, nakiri, ni jambo jingine, kwa maana deni lake hulipwa na ajaye. Mimi niliwahi kukaimu usimamizi wa bweni kwa muhula mmoja, nikawaahidi wavulana maji ya moto. Aliyenifuata alilaumiwa mwaka mzima kwa neno asilolisema.